Baraza Nje ya Ukuta wa Sista

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa sita mwaka huu, asubuhi, Sista Yustina alifariki akiwa amekaa nje ya geti lake, Chanika. Mimi nilikuwa nimestaafu Desemba iliyopita. Kwa hiyo ndani ya muda mfupi nimeachana na kazi niliyoifanya tangu ujana, na pia na mtu aliyenifundisha kazi hiyo. Ya kazi nilijua itaisha, maana tarehe ilikuwa kwenye barua. Ya Sista sikuwa nimejiandaa, ingawa mimi ndiye niliyekuwa nampima presha na namba zake nilizikumbuka kuliko namba yangu ya simu.

Wahudumu vijana pale zahanati wameniomba niwaandikie tulivyokuwa tukifanya kazi. Nimekubali kwa sababu wakati wa msiba mikono inatafuta cha kufanya. Mjue tu kwamba shule yangu iliishia darasa la saba, Masasi. Nitaandika niliyoyaona, na pale ambapo sababu siijui nitasema siijui.

Zahanati yetu iko Temeke, katikati ya nyumba za zamani za vyumba sita, zile zenye ukumbi katikati na baraza mbele. Niliajiriwa kufagia. Siku ya kwanza nilipiga deki korido yote, nikajivunia inavyong'aa, kisha mlango ukafunguliwa na wagonjwa wakaingia na matope ya mtaa mzima. Nikasimama na fagio nikiwatazama. Nyuma yangu sauti ya chini ikasema, "Usiwakasirikie. Mtaani kwao hakuna mtaro. Ungetoka kule wewe ungefika na viatu visafi?"

Huyo ndiye alikuwa Sista Yustina, nesi. Tulimwita Sista kwa ajili ya unesi, si utawa. Alikuwa na mume, sasa marehemu, na binti mmoja anaitwa Editha. Alikuwa Mhaya wa Muleba, mrefu, asiyepandisha sauti hata akigombeza, na akigombeza ulitamani afadhali angepiga kelele yakaisha. Mie alinitania kwa korosho za kwetu, mie nikamtania kwa senene wa kwao, na utani huo haukuisha mpaka mwaka huu.

Kupima presha alinifundisha mwenyewe, kwa sababu wagonjwa walikuwa wengi na mikono michache. Mashine ilikuwa ya zebaki, sanduku la bati lenye mfuniko, zito kama pasi ya mkaa. Unafunga kitambaa mkononi, unapampu, unaachia upepo taratibu huku umeweka stethoskopu kwenye kiwiko, unasikiliza mapigo yanapoanza na yanapopotea. Nilijifunza haraka na nikaona nimeiva. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mama mmoja aliyeingia akiwa ametoka kutua ndoo ya maji. Nilimfunga kitambaa pale pale, nikapima, namba ikapanda mpaka nikaogopa. Nikakimbia kumwita Sista. Akaja, akamtazama yule mama, akaitazama ndoo mlangoni.

"Hamisi, umempima mama, au umepima ndoo na jua?"

Mama akacheka. Mie sikucheka.

"Mtu anakaa kwanza," Sista akasema. "Mgongo uegemee, miguu iguse chini, mkono uwe mezani, mdomo ufungwe. Na wa kwako pia. Unasubiri mpaka pumzi zake zitulie."

"Sasa wakati anatulia mie nafanya nini?"

"Unatazama."

Sikuelewa natazama nini. Pale chumbani palikuwa na kalenda na sinki. Nilikuja kuelewa tulipoanza kwenda majumbani, kuwafuata waliopata kiharusi na wazee wasioweza kutembea mpaka zahanati. Tulikuwa tunafika, tunasalimia, mgonjwa anakaa, na ule muda wa kusubiri tunautumia kutazama anapoishi. Sista alikuwa na mpangilio wake. Alianza na dirisha: linafunguka au limezibwa na ukuta wa jirani? Jiko liko wapi, na moshi wa mkaa unatokea wapi? Bati liko wazi kwenye jua au pana mti? Kuna nini cha kula karibu na mlango? Mwisho alijiuliza, huyu mtu akitaka kutembea kidogo, miguu yake itapita wapi?

"Kabla hujamuuliza mtu anakula nini," alikuwa akisema, "tazama kinachouzwa mlangoni kwake."

Na kweli. Tulikuwa tunawaambia watu wawe wanakula mboga za majani, wapunguze mafuta. Halafu unatoka nje ya nyumba unakuta kikaango cha chipsi kushoto, maandazi kulia, na soda kwenye friji la duka lililo mbele. Mchicha uliokuwa ukilimwa bondeni ulikwisha bonde lilipojazwa kifusi na kujengwa. Kuupata lazima upande gari. Mtu mwenye mguu uliopooza hapandi gari kwa ajili ya fungu la mchicha. Anaagiza chipsi.

Naandika hivi kwa sababu mtasikia sana kwamba presha ni chumvi na mawazo. Ni kweli, ni chumvi na mawazo. Lakini mawazo nayo yana anwani.

Mgonjwa aliyetusumbua kuliko wote kwenye hilo alikuwa Mzee Chilumba, mchongaji wa vinyago. Akija zahanati presha yake ilikuwa nzuri, na anajisifu nayo. Lakini mkewe kila mara alituambia nyumbani mzee anaumwa kichwa, anaona giza, moyo unamwenda mbio. Daktari wetu, kijana makini, akasema kabla hajaamua chochote mzee apimwe na nyumbani, kwa siku tofauti. Tukaenda.

Nyumba yake ilikuwa imegusana ukuta na baa. Spika la baa lilikuwa upande wa pili wa kitanda chake, matofali tu katikati. Mchana ule singeli ilikuwa inapigwa kwa wateja watatu. Tukamkalisha mzee, tukasubiri atulie. Hakutulia. Mimi mwenyewe nilisikia kifua changu kinafuata ngoma.

"Wanafungaga saa ngapi hawa?" Sista akauliza.

"Wanafungaga wakichoka," mzee akajibu.

"Na wanachokaga?"

"Mie huwa natangulia."

Namba ilikuwa juu sana. Tulirudi siku nyingine, ikawa vile vile. Ndipo tukaelewa: pale zahanati Mzee Chilumba alikuwa anawahi mapema, anakaa benchi la kivulini na wazee wenzake, wanapiga soga mpaka jina lake liitwe. Tulikuwa tunampima akiwa mahali pazuri kuliko pote alipokuwa akiingia wiki nzima. Daktari akabadilisha dawa. Sista akamsaidia mkewe kuhamishia kitanda chumba cha mbali. Mimi nikaongozana na mjumbe wa shina kwenda kwa mwenye baa, mtu muungwana kabisa, akatukaribisha soda. Spika likageuzwa likaelekea upande wa pili. Kwa hiyo kelele zikahamia kwa majirani wa upande wa pili, ambao hawakuwa na nesi.

Mzee alipata nafuu kwa muda. Baadaye alipata kiharusi, mkono wa kushoto ukalegea, na kinyago cha mwisho kikabaki hakina uso. Sitasema spika ndilo lililompiga. Alivuta sigara, na chumvi alikuwa anaiongeza kabla hajaonja. Nasema tu kwamba ile nyumba nilikaa ndani yake.

Kingine ni uwanja. Nyuma ya zahanati palikuwa na uwanja wa mpira, mchanga mtupu na magoli ya miti. Sista alianzisha pale kikundi cha wagonjwa wa presha, wakawa wanauzunguka kila asubuhi kabla jua halijakaza. Wengi walikuwa akina mama wanene wenye magoti mabovu, na walitukanana kwa upendo njia nzima. "Mama Asha, unatembea au unasindikiza mguu?" "Nasindikiza wako, umechelewa!" Mie nilikuwa nyuma kabisa na mfuko wa mashine. Kliniki za kipindi kile zilikuwa za furaha. Namba zilitulia, watu walitengeneza urafiki, asiyekuja siku mbili alifuatwa nyumbani.

Kisha uwanja ukapata mwenyewe. Sijui ulipatikanaje, na sitaandika nisichokijua. Zikaja lori za tofali, zikajengwa fremu za maduka pande zote. Kikundi kikajaribu kutembea kando ya barabara, bodaboda zikawapitia masikioni, mmoja akaangukia mtaroni, wengine wakaogopa. Kikafa bila mtu kutangaza. Baada ya miezi kadhaa, tukiwa kliniki, Sista alifunga faili la mgonjwa mmoja akatazama dirishani kule zilikokuwa fremu.

"Dawa ni zile zile," akasema, "watu ni wale wale, na mdomo wetu ni ule ule. Kilichoondoka ni uwanja."

Sista naye alikuwa na presha. Alijigundua miaka mingi nyuma, akawa anameza dawa kila siku. Alipanga chumba na sebule si mbali na zahanati, kwenye nyumba ya wapangaji wengi, na alikuwa akisema atapona akihamia kwake. Kwake maana yake Chanika. Alinunua kiwanja kule wakati bado ni mashamba ya mihogo, akajenga kidogo kidogo kama tunavyojengaga sote, mwaka huu msingi, mwaka ule tofali, mwaka mwingine unasimama kutazama nyasi zinaota sebuleni. Ukuta wa nje ndio aliouharakisha, hata kabla ya dari, kwa kuogopa wezi wa nondo. Ulipokwisha ulikuwa umempita urefu, na yeye hakuwa mfupi. Geti la bati zito, rangi nyeusi.

Alipostaafu tulimfanyia sherehe, akahama. Kila mtu alimpongeza. Hewa safi, kimya, hakuna baa, hakuna vumbi la lori. Na mie nilimpongeza, kutoka moyoni.

Nilikwenda kumtembelea baada ya miezi michache, na mfuko wangu wa mashine, ya betri sasa. Kutoka barabarani nilishuka nikatembea kwenye mchanga unaomeza kiatu. Kushoto ukuta, kulia ukuta, mageti yamefungwa, mbwa anabweka ndani ya mojawapo. Sikukutana na mtu mpaka nikafika.

Alinifungulia, akafurahi, akaniletea chai. Nikaona amenenepa na macho yamevimba kidogo. Nikamwomba nimpime. Akacheka, akakaa mwenyewe kama alivyonifundisha, mgongo umeegemea, mkono mezani. Tukasubiri. Nikaanza kutazama, kwa mazoea tu. Dirisha lilikuwa safi, lakini lilitazama ukuta. Jiko lilikuwa la gesi, zuri. Kitu cha kula mlangoni hakikuwepo, kibaya wala kizuri. Pa kutembea palikuwa uani, kutoka tangi la maji mpaka geti. Na kimya chenyewe kilikuwa cha namna ambayo nilisikia friji likijizima.

Nikapima. Ilikuwa juu, mbaya kuliko alipokuwa Temeke kwenye makelele yote yale.

"Sista, leo umeongea na nani?"

"Si naongea na wewe."

"Na jana?"

Akafikiri. "Kijana wa bodaboda aliyeniletea mkate."

"Mliongea nini?"

"Kwamba hana chenji." Kisha akanitazama kwa lile jicho lake. "We Hamisi, unanipima mimi au unapima ukuta?"

"Ulisema nitazame."

Akamimina chai ambayo haikuhitajika.

Nilimwambia arudi Temeke, hata kwa kupanga. Akasema hawezi, maisha yake yote yamo kwenye zile tofali, na binti yake Editha aliyeko Mwanza anajivunia mama kukaa mahali pasafi. Nikamwambia basi tuweke baraza nje ya geti, kama zilivyo nyumba za Temeke, watu wapite wakae. Akashangaa kabisa.

"Baraza ni la nyumba za kupanga. Nani anaweka baraza nje ya fensi? Nawaitia wezi viti?"

Ikaishia hapo. Nikawa naenda kila nilipopata nafasi, napima, naona namba ile ile, daktari anaongeza dawa. Dawa alizimeza zote. Hakuwa mtu wa kuruka dawa.

Asubuhi moja akabanwa na kifua. Simu haikuwa na chaji, umeme ulikuwa umekatika. Akatoka nje akagonga geti la jirani, akajibiwa na mbwa. Akagonga lingine, kimya. Nguvu zikamwisha, akakaa kwenye rundo la tofali zilizobaki za ujenzi, pale nje, jasho linamtoka. Aliyemkuta ni Mama Somoe, mkulima wa mihogo aliyekuwa akipita njia ile kila siku na beseni kichwani. Mama Somoe hakuuliza maswali mengi. Alitua beseni, akakaa naye kwenye tofali, akamshika mkono, akapiga ukelele mmoja ambao Sista alisema ulifungua mageti yote ya mtaa. Ikapatikana bajaji, wakaenda.

Hospitali walisema moyo umetanuka. Walifanya vizuri, wakamrudisha nyumbani na dawa mpya. Nilimkuta kitandani, Mama Somoe yuko pembeni anamenya mihogo kama kwake.

"Shikamoo Sista."

"Marahaba. Hamisi, miaka yote nawaambia watu watazame wanapoishi," akasema taratibu. "Yangu nimejenga bila kutazama."

Mama Somoe akadakia, "Na yule uliyemgongea geti naye alikuwepo ndani, nimemuuliza. Anasema alijua ni watu wa kadi za michango ya harusi."

Sista akacheka mpaka nikaogopea moyo.

Baraza nililisimamia mimi. Tulitumia zile zile tofali alizokalia, saruji kidogo, fundi wa jirani, siku moja ikaisha. Liliegemea ukuta kwa nje, kushoto mwa geti, refu la kukalisha watu sita waliopendana. Mwarobaini ulipandwa pembeni, na mpaka ukue tukafunga turubai kwa juu. Wakati fundi anasawazisha saruji akasimama kijana wa bodaboda.

"Bibi, hapa mnafungua nini? Genge?"

"Hatufungui kitu," Sista akamjibu kutoka getini.

"Sasa hapa watu watafanya nini?"

"Watakaa."

"Wakae tu?"

"Wewe hapo umesimama tu, nani kakuuliza?"

Mwanzoni alikaa Mama Somoe peke yake, akitoka shamba. Kisha mtengeneza viatu akaomba kuweka sanduku lake. Muuza mchicha anayepita na baiskeli akapata sababu ya kusimama. Jirani mwenye mbwa, karani mstaafu, alitoka kuja kulalamika kwamba soga zetu zinamtibulia usingizi wa mchana. Akakaa ili alalamike vizuri. Kesho yake akatoka tena kuendelea.

Na Sista akaanza kutembea. Mama Somoe akipita alfajiri kwenda shamba alikuwa anagonga geti kwa beseni, "Bibi nesi, miguu!" Wanakwenda wote mpaka kalavati, Sista anarudi taratibu, anakaa barazani, pumzi zinatulia. Nikija namkuta pale. Nilikuwa nampimia hapo hapo, huku watu wanashindana kuikisia namba kama matokeo ya mpira, na aliyekosea anapigiwa makofi ya kejeli. Wote nao wakataka kupimwa. Karani mwenye mbwa alikutwa na presha kubwa ambayo hakuijua. Sista akamshika mkono akampeleka kliniki mwenyewe.

Namba za Sista zilishuka. Hazikushuka zote, wala si kila siku. Moyo uliotanuka haukurudi ulivyokuwa, na daktari alikuwa amenieleza wazi. Baraza lilimwongezea siku ngapi, au halikumwongezea, siwezi kujua, na hakuna anayeweza kuniambia. Ninachojua ni kwamba nilipomuuliza, "Leo umeongea na nani?" alichoka kabla hajamaliza kutaja.

Ile Jumapili Mama Somoe ndiye aliyenipigia. Alisema walikwenda mpaka kalavati kama kawaida, ila Jumapili yeye halimi, wakarudi wote. Sista akakaa. Akasema ngoja pumzi zitulie kisha ajiandae kwenda misa. Mama Somoe akainama kufunga kamba ya ndala. Alipoinuka, zilikuwa zimetulia.

Walimsafirisha kwenda Muleba kumzika kwa mumewe. Mimi safari ile sikuiweza. Nilikaa barazani pale na majirani mpaka siku za matanga zikaisha, karani anagawa maji, mtengeneza viatu hakufungua sanduku lake.

Editha alirudi kutoka Muleba wiki mbili baadaye kuja kuipangisha nyumba. Akaniomba niwepo. Nilipofika alikuwa uani na dalali, mtu wa maneno mengi na funguo nyingi. Akaniamkia, macho mekundu, mnene kama mama yake alivyokuwa mwanzo wa Chanika.

"Baba mdogo, huyu anasema lile baraza livunjwe kwanza."

"Dada, mteja wa nyumba ya fensi anataka usiri wake," dalali akasema. "Akiona baraza anaona nini? Watu. Asubuhi yote hii wamekaa pale, nimepita nao, wala hawauzi kitu."

"Mama alinitumia picha yake," Editha akasema. "Mie nikamwambia linaharibu nyumba. Baba mdogo, wewe unasemaje?"

"Nyumba ni yako, mwanangu," nikamwambia. "Toka ulitazame."

Tukatoka, dalali nyuma yetu. Mwarobaini umekua, turubai tulishaliondoa zamani. Viatu vya Editha vya kisigino vikazama mchangani, akavivua akavishika mkononi. Walikuwepo Mama Somoe na beseni lake, mtengeneza viatu, karani mwenye mbwa na mbwa mwenyewe. Mama Somoe akampiga karani kiwiko.

"We mzee, sogea. Sogeeni huko mtoto wa Sista akae."

Wakasogea. Pakabaki nafasi pale mwanzoni karibu na geti, mahali ambapo tangu siku ile hakuna aliyekuwa amepakalia. Editha akapatazama, akakaa. Akaegemea ukuta, miguu peku chini.

"Baba mdogo, una mashine?"

"Ninayo."

"Nipime na mie." Akanyoosha mkono. "Moyo unanienda mbio tangu Muleba."

"Kaa kwanza," nikamwambia.

Dalali alisimama juani kidogo, akatazama huku na huku, kisha naye akaomba asogezewe. Karani akamuuliza Editha kama ni kweli Mwanza sangara wamekuwa adimu. Editha akaanza kumjibu. Mama Somoe akabisha. Kanuni inasema mdomo ufungwe, lakini sikumkataza. Nikaiweka mashine magotini, nikasubiri.